Maonyo 27: Ajali ya Utawala na Uongo wa "Ajali Haina Kinga"

Upo usemi tunaourithishana kama dawa ya kila msiba: ajali haina kinga. Husemwa matangani, huandikwa katika salamu za rambirambi, na hutamkwa hata na watumishi wa umma wanaolipwa mshahara ili ajali iwe na kinga. Nadai kwamba usemi huo, ukitumiwa juu ya vyombo vya usafiri, ni uongo, tena uongo wenye wanufaika.

Tutazame kwa jirani. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kuelekea Mogadishu, ikiwa imepakia mirungi. Muda mfupi baada ya kuacha ardhi iliangukia jengo la biashara katika eneo la Utawala. Wote wanne waliokuwamo walifariki. Lau ingeanguka saa nne asubuhi, maduka yakiwa wazi, leo tungekuwa na hesabu nyingine kabisa.

Wachunguzi wa Kenya hawakuandika kwamba ajali haina kinga. Waliandika kwamba ndege iliondoka ikiwa na hitilafu iliyojulikana, na kwamba marubani hawakusitisha safari ingawa mitambo ilitoa maonyo 27. Ishirini na saba! Aliyebishiwa hodi mara 27 hawezi kudai kwamba mgeni alimvamia.

Hapa ndipo wengi wetu hufunga jalada: kosa la rubani. Marehemu hajitetei, basi shauri limekwisha. Sikubali. Simtuhumu mtu yeyote kwa kuwashurutisha marubani wale. Nauliza kuhusu mfumo. Chombo cha biashara hakiendeshwi na rubani peke yake. Kuna fundi, kuna mpanga safari, kuna mwenye shehena ambayo thamani yake hunyauka kadiri saa zinavyokwenda. Katika biashara kama hiyo, neno "tusubiri" lina gharama, na gharama hiyo humwangukia anayelitamka. Neno "twende" halina gharama, mpaka siku ya msiba.

Na siku hiyo mara nyingine hulipa wasiohusika. Tarehe 8 Januari 1996, jijini Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 iliyozidishiwa uzito ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo, ikapitiliza na kuingia katika soko la Simbazikita. Waliuawa watu zaidi ya 200, wauzaji na wanunuzi ambao hawakuwa na tiketi wala shehena.

Sisi wa pwani tusijifanye watazamaji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake. Bahari ile ndiyo hii inayopiga Ras Kazone. Wingi wa abiria si hitilafu iliyojificha ndani ya injini. Huonekana kwa macho pale gatini. Bado nanga iling'olewa.

Leo Tanga tunazungumzia bandari iliyoboreshwa, bomba la mafuta linaloishia Chongoleani na kiwanja cha ndege kilichomo ndani ya jiji. Yote ni ya heri. Lakini kila mradi unazaa swali ambalo halijibiwi na hotuba ya uzinduzi: nani ana mamlaka ya kusema "hapana", na akishasema, kesho yake atakuwa bado na kazi?

Nitajibiwa kwamba kanuni zipo. Ni kweli. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinataka uchunguzi wa ajali za ndege ulenge kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Nakubaliana nacho. Ila uchunguzi utazuiaje ajali ikiwa ripoti imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mkazi wa chini ya njia ya ndege hawezi kuisoma?

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, kila ripoti ya ajali ya ndege au meli itolewe hadharani, pamoja na muhtasari wa Kiswahili. Pili, sheria imlinde waziwazi fundi, rubani, nahodha au mkaguzi anayezuia safari kwa sababu ya usalama. Tatu, halmashauri zisiruhusu makazi na masoko kwenye ncha za njia za kurukia. Kibali cha ujenzi nacho ni hati ya usalama.

Wanafunzi wangu, baadhi yenu mtakalia viti hivyo vya ukaguzi. Siku moja italetwa mbele yenu karatasi ya kutia saini, na simu itaita ikiwataka mfanye haraka. Msingoje onyo la 27. La kwanza linatosha.