Baruti inapimwa, dawa ya mtoto inakisiwa

Leo sina picha za kuwawekea. Nina jambo limenikaa kooni na lazima nilitapike, na kina dada mlioniuliza mambo ya dawa za watoto wiki hii mtajua nawasema nyie.

Huku Texas watu wengi wanajaza risasi zao wenyewe nyumbani. Wanaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, wanayasafisha na kuyarudisha kwenye umbo lake, wanatia fataki mpya, baruti, halafu kichwa cha risasi juu. Jirani yangu, mzee anayewinda paa, anafanya hivyo gereji kwake, na mimi nesi nikisimama pale kumwangalia naona ni kama yuko chumba cha dawa wodini! Baruti anaipima kwa greni. Greni moja ni kama miligramu 65, na ratili moja ina greni 7,000. (Zamani hata dawa zilipimwa kwa greni. Ile aspirini ya Marekani ya miligramu 325 asili yake ni greni 5.)

Anacho kifaa cha kuchota baruti kwa ujazo, unavuta mpini inashuka. Lakini hakiamini hivi hivi. Ukivuta mpini haraka inashuka kiasi kingine, chupa ya juu ikikaribia kuisha kiasi kinabadilika, na baruti yenye punje ndefu kama vijiti haitiririki sawasawa kama ile ya punje za duara. Kwa hiyo anachota pungufu kidogo, anaweka kwenye mizani, kisha anaongezea punje kwa punje mpaka ifike. Mizani yenyewe kwanza anaijaribu kwa jiwe dogo ambalo uzito wake unajulikana. Feni anazima. Mezani inakaa chupa moja tu ya baruti, maana kila aina ina kipimo chake kitabuni, na akijaza ganda mara mbili kwa bahati mbaya bunduki inaweza kumpasukia usoni.

Yote hayo kwa ajili ya paa jamani!

Sasa turudi nyumbani. Mtoto ana homa. Inatafutwa chupa ya Panadol ya maji, haitikiswi, inashikwa kijiko chochote kilicho karibu, au kisoda, mtoto anabanwa pua anamiminiwa. Kijiko gani? "Kijiko tu." Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, cha chakula ni 15. Hiyo ni mara tatu! Na hivyo vya kabatini kwetu hakuna aliyevitengeneza kwa ajili ya dawa, kimoja kina tumbo, kingine ni bapa.

Wekeni hesabu. Paracetamol ya mtoto ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya uzito wake, na isizidi mara nne kwa siku. Syrup iliyozoeleka huko ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Mtoto wa kilo 10 mililita 5 zinamtosha. Mpe kijiko cha chakula, amekunywa 360, na ukirudia hivyo siku mbili tatu ini lake ndilo linalolipa. Halafu sisi wa Majuu tunawaletea chupa za huku kwenye mabegi, nazo zina 160 ndani ya mililita 5 zile zile. Theluthi nzima imeongezeka na hakuna aliyesoma lebo. Hata huku wazazi walikuwa wakichanganyikiwa, mpaka mwaka 2011 watengenezaji wakaanza kuachana na matone makali ya watoto wachanga ili dawa zote za watoto za maji ziwe na nguvu moja.

Na kupunguza nako si usalama. Antibiotiki ya unga ukiikoroga na maji kupita alama, nguvu yake inapungua, na usipoitikisa, dawa inakaa chini. Siku za kwanza mtoto anakunywa maji matamu, siku za mwisho anakunywa dawa yote.

Najua jibu lenu: bibi alitulea kwa kijiko na tukakua. Tuliokua ndio tunaosimulia! Na msiniambie kupimapima ni uzungu. Dawa mseto ya malaria mnaitoa kwa kilo bila ubishi: kidonge kimoja kuanzia kilo 5, viwili kuanzia 15. Kadi ya kliniki ina uzito wa mtoto. Kinachokosekana ni bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake, na bei yake haifiki soda.

Wauza dawa nao wasijifiche. Kuandika "1x3" juu ya bahasha ndiyo nini? Moja ya nini? Rudisheni hiyo bahasha dirishani, mwambieni aandike mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, na awaonyeshe kwenye bomba mstari wenyewe. Akinuna, anune.

Desemba nikijaliwa kuja, mabomba nitaleta pakiti nzima. Aliyeagiza viatu vya namba 42 asubiri kwanza.