Usafi wetu si kwa ajili ya mgeni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.



Katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani si la madrasa, nalo ni taka za plastiki. Tunajua wapo watakaosema kuwa walimu wameacha tajwidi na fiqhi, sasa wanaingilia kazi za Manispaa. Tunawaomba wasome hadi mwisho, kisha wahukumu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka jana, baada ya mitihani, tulifanya ziara. Tulitoka Musoma asubuhi tukaenda Butiama, kwenye Makumbusho ya Mwalimu Nyerere na pale Mwitongo alipozikwa. Kutoka hapo tukaenda Bunda na kufika hadi lango la Ndabaka, ambako Hifadhi ya Serengeti inakutana na barabara kuu ya Mwanza. Kila tulipoteremka kwenye basi tuliwaonya watoto: msitupe chupa hapa, hapa wanakuja wageni. Watoto walisikia. Butiama hawakuacha hata ganda la pipi. Ndabaka kila mmoja alirudi na chupa yake mkononi.

Jioni tulirudi Musoma, tukapumzika ufukweni karibu na Mwigobero, tukala na kuswali Magharibi. Tulipoondoka, chupa za katoni tatu za maji pamoja na sahani za plastiki zilibaki mchangani. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa anakunja nyavu zake, alimwita mmoja wetu. Bila ya ukali, alimuuliza kama watoto hawa wamefundishwa kuwa ziwa halina mwenyewe. Hatukuwa na jibu. Tulirudi kuokota, lakini upepo ulikuwa umeshachukua sehemu yake na kuipeleka majini.

Tumelifikiria swali la mzee yule mwaka mzima. Watoto hawakuwa na kosa, kwani walifanya kama tulivyowafundisha. Tuliwaambia sababu ya usafi ni mgeni, na pale Mwigobero hapakuwa na mgeni. Hadithi ya kwanza mnayoihifadhi katika Arubaini Nawawi inahusu nia, nasi tuliwapa amali njema yenye nia mbovu. Anayesafisha kwa sababu ya macho ya watu atachafua macho hayo yakiondoka.

Hii ndiyo hoja yetu: usafi wa mji wetu, barabara zetu na ziwa letu uwe kwa sababu ya amana na haki ya jirani. Utalii ni faida inayokuja baadaye, wala si msingi.

Hatusemi hivyo kwa kuubeza utalii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mkoa wetu unahitaji kupona huko. Wageni wengi huingia Serengeti kwa upande wa Arusha na kutokea huko huko, bila ya kuonja sato wa Musoma wala kuiona Butiama. Tungependa waje, walale kwenye nyumba zetu za wageni, wanunue vikapu vya mama zetu. Lakini mgeni hukaa siku mbili akaondoka. Sisi tunakunywa maji haya na kula samaki hawa mwaka mzima.

Tutazame hali ilivyo. Serikali ilikwishafanya sehemu yake kubwa. Kuanzia tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyozoea kuiita rambo, ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, na majirani zetu wa Kenya walianza tarehe 28 Agosti 2017. Wasafiri waliokuwa wanakuja nchini walitakiwa kuiacha mifuko hiyo kwenye viwanja vya ndege, nao wakaiacha. Hapa tunajifunza kuwa mgeni hufuata desturi ya nyumba, ikiwa nyumba ina desturi.

Rambo amepungua sana mitaani, Alhamdulillahi. Hata hivyo, sheria ile haikugusa chupa za maji na soda, wala kandambili zilizokatika, wala nyavu za timba zinazotupwa majini. Nenda ufukweni baada ya mvua kubwa utaona mitaro ya mji imeleta nini. Simama Bunda mabasi yanapoingia. Abiria ananunua maji dirishani, na kabla basi halijafika Ndabaka chupa imeshatupwa porini. Wapo wanaowatupia nyani mabaki ya chakula yakiwa ndani ya nailoni yake, wakadhani wametoa sadaka.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na kwa ukubwa huo watu hudhani linaweza kumeza kila kitu. Halimezi. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi, bali hukatikakatika kwa jua na mawimbi mpaka ikawa chembe ndogo ambazo samaki huzila. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, ulithibitisha chembe za plastiki matumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano. Mwanza na Musoma ni ziwa moja.

Tena maji hayana mpaka. Mto Mara unaanzia milima ya Mau nchini Kenya, unapita Masai Mara na Serengeti mahali nyumbu wanapovukia, kisha unamwaga maji yake ziwani karibu na mji wetu. Maji ya ziwa nayo hutokea Jinja, Uganda, yakawa Mto Nile mpaka Misri. Kwa hiyo sisi ni jirani wa waliotutangulia mtoni na jirani wa wanaotufuata. Kenya iliona jambo hilo, na tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja, pamoja na chupa za maji, ndani ya hifadhi zake.

Dini yetu inasemaje? Katika Suratur Rum, aya ya 41, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa uharibifu wa nchi kavu na baharini unatokana na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mtume (S.A.W.) alihesabu kuondoa kinachoudhi njiani kuwa ni tawi la imani. Aidha, alitahadharisha mtu asijisaidie kwenye sehemu za kuchotea maji, njiani na kwenye vivuli vya watu. Wanafunzi wa fiqhi, fanyeni kiyasi hapo. Kinyesi kitakauka na kuoza baada ya siku kadhaa. Chupa itabaki pale pale mpaka wajukuu wenu waikute. Kipi kinastahili zaidi kukatazwa?

Ipo hadithi nyingine aliyoipokea Imam Bukhari, ambayo sisi watu wa ziwani tunapaswa kuielewa kuliko wengine. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipoona taabu ya kupanda juu kuchota maji, walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka. Anayetupa taka kwenye mtaro wa Nyasho anatoboa jahazi, na jirani anayemtazama akanyamaza anazama pamoja naye.

Msidhani kuwa haya ni maneno ya mimbari tu. Magharibi ya Pemba kipo kisiwa cha Misali. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya kisiwa hicho kuwa mswala wake. Katika miaka ya 1990 uvuvi wa kuharibu, ukiwemo wa baruti, ulikuwa unaitishia miamba yake, na mwaka 1998 eneo hilo likafanywa hifadhi. Baadaye masheikh na maimamu walishirikishwa kuwafundisha wavuvi kwa hoja za Qur'an kwamba bahari ni amana. Wageni wanaokwenda kutazama miamba hulipa kiingilio, na sehemu ya fedha hizo hurudi kwa jamii. Huo ndio utalii tunaouita wa heshima, ambao mwenyeji hutunza kwanza, kisha mgeni huja kuona kilichotunzwa.

Nyumbani kwetu Mara tunao mfano pia. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kuwa Waafrika wanaupokea ulinzi wa wanyamapori kama amana kwa ajili ya wajukuu wao. Mwalimu alikuwa Mkristo nasi ni Waislamu, lakini neno amana hakuna asiyelijua. Ingekuwa aibu kumzuru kijana wa Butiama kaburini kwake, kisha tukatupa chupa njiani tunaporudi.

Zipo hoja zinazotolewa, nazo si za kupuuzwa.

Kwanza, kuna wazazi wanaosema maji ya chupa ni salama na maji mengine yana maradhi. Ni kweli, hakuna aliyesahau kipindupindu kilichozuka nchini mwezi Agosti 2015. Lakini usalama unatokana na maji, hautokani na chupa. Maji yaliyochemshwa, yakapozwa na kuwekwa kwenye ndoo safi yenye bomba na kifuniko, ni salama, na gharama yake ni ndogo.

Pili, kuna wanaosema vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo watakosa riziki. Nao wana haki, kwani vijana hao wanausafisha mji huu kuliko sisi wenye kuwasema. Chupa hazitakwisha kesho. Tunachoweza ni kuwakusanyia zetu zikiwa safi, wazichukue mlangoni badala ya kuzifuata kwenye matope.

Tatu, wengine husema wa kulaumiwa ni wenye viwanda. Hatuwaondolei lawama. Anayetengeneza na kupata faida ana wajibu wa kugharimia kurudishwa kwa chupa zake, na wenye mamlaka wana wajibu wa kumlazimisha. Hata hivyo, siku ya hesabu kila mtu ataulizwa juu ya mkono wake mwenyewe.

Hivyo basi, walimu tumekubaliana mambo manne, nasi tunayaandika hapa ili mtushike kwayo:

1. Ziara ya mwaka huu haitabeba katoni za maji. Tutachukua ndoo mbili zenye bomba, na kila mwanafunzi aje na kikombe chake.

2. Katika Maulidi na mahafali, pilau italiwa kwenye sinia kama walivyokula wazee wetu. Sahani za plastiki za kutupa hatutazinunua.

3. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo nchi nzima hufanya usafi, darasa moja litakwenda Mwigobero pamoja na mwalimu wake. Walimu tutaanza, kwa sababu sisi ndio tuliochafua.

4. Taka za plastiki hazitachomwa katika uwanja wa madrasa, wala msiwashie majiko kwa nailoni nyumbani. Moshi wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mama aliyeinama jikoni.

Wanafunzi wetu, mkimwona mwalimu ametupa chupa, mkumbusheni kwa adabu. Hatutakasirika. Tulipokosea mwaka jana, aliyetukumbusha alikuwa mvuvi aliyekuwa na kazi zake, na hakutudai malipo.

Siku moja huenda wageni wakaja Musoma kwa wingi, wakashuka ufukweni na kusifu usafi wake. Tutafurahi na kuwakaribisha kwa chai. Wakituuliza tunausafisha kwa ajili ya nani, tuwe na jibu ambalo hatukuwa nalo mbele ya mzee yule.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza amana, atusamehe tulipozembea, na ayabariki maji yetu na riziki zilizomo ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.