Kabla ya kumlaumu shomoro

Wakati wa mvua, ni vigumu kukosea katika mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi. Kweche dume ni mwekundu na mweusi, anavimbisha manyoya juu ya matete, na hata mtoto mdogo anamwonyesha kwa kidole. Kiangazi kikiingia, yule mwekundu haonekani tena. Wengine husema amevuka mto kwenda Burundi na shomoro ndio wameongezeka.

Mara nyingi hajaenda mbali. Amebadilisha manyoya, amekuwa wa kahawia kama jike, na sasa anakula mpunga kwa jina la shomoro. Tena hata katika mvua dume mmoja huwa na majike kadhaa, kwa hiyo wa kahawia hawakosi.

Kosa hilo lina gharama. Mtu aliyekimbia vita kwenye milima ya Uvira, akapata kibarua cha kuamia ndege, anaambiwa tu: fukuza shomoro. Anahangaika na ndege wa kwenye mapaa. Kundi lenyewe limelala ndani ya matete, karibu kabisa na shamba. Jioni mpunga umepungua, na anayekatwa malipo ni yeye. Hiyo si haki.

Kuwatofautisha kunahitaji uvumilivu. Shomoro wa huku ana kichwa cha kijivu kitupu, mgongo wa rangi ya kutu, na kifua kisicho na michirizi; anapenda kukaa karibu na nyumba za watu. Kweche wa kiangazi ana michirizi mgongoni, mstari mweupe-mweupe juu ya jicho, na mkia mfupi. Fumbwe naye, akishapoteza ule mkia wake mrefu, anabaki na mdomo mwekundu, na huokota zaidi mbegu ndogo za majani chini.

Wapo wanaosema ndege ni ndege, wawekewe sumu wote. Hapana. Sumu haichagui: itamwua shomoro anayelisha makinda yake wadudu, itamwua njiwa, na njiwa aliyeanguka ataokotwa na mtoto mwenye njaa na kupelekwa kwenye sufuria.

Mwenye shamba afanye kwanza kazi ndogo. Alfajiri, kabla ndege hawajaruka, ampeleke mgeni wake mpaka kwenye matete, amwonyeshe wanakotokea.