Simu Isiyofunguka

Kila mwaka twaambiwa kwamba simu ya kesho imekwisha kutufikia. Kioo chake hukunjwa kama kitabu, kamera zake zashindana na jicho la mwewe, na sasa inajibu hata maswali. Sina ugomvi na hayo. Ninalolipinga, ndugu msomaji, ni lile lisilotajwa katika matangazo: simu hiyo haifunguki.

Betri ya lithiamu huchoka, ndivyo ilivyoumbwa. Kila inapochajiwa na kutumika hupungukiwa nguvu kidogo kidogo. Zamani dawa yake ilikuwa nyepesi. Mwenye Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, alifungua kifuniko cha nyuma kwa mkono, akatia betri nyingine, akaendelea na shughuli zake. Leo betri imegandishwa kwa gundi na kifuniko vilevile, hata fundi hana budi kukipasha moto kwanza ndipo akibandue, huku akimwomba Mungu kisipasuke. Hivyo kitu cha bei ndogo huua kitu cha bei kubwa.

Watengenezaji hujitetea kwamba gundi huzuia maji. Hoja hiyo naikataa. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na kifuniko cha kubandua kwa mkono, na bado ilistahimili kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Basi si kwamba haiwezekani, bali haitakiwi. Muuza simu hafaidiki na simu iliyopona.

Sisi tuna sababu mbili za kulisema hili kwa sauti. Kwanza, kobalti iliyomo katika betri nyingi hutoka kwa jirani zetu wa Kolwezi, Kongo, ambako wapo wanaoichimba kwa mikono. Kulitupa jasho hilo baada ya miaka miwili mitatu ni kufuru. Pili, nimewatazama mafundi wetu wa Kariakoo wakifufua simu ambazo wenyewe walikwisha kuzizika. Kuwafungia simu watu hao ni kuwafungia riziki.

Umoja wa Ulaya umekwisha kuamka. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria yao yadai betri ya simu mpya ibakize angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa. Likiwezekana Berlin, kwa nini lisidaiwe Dar es Salaam na Nairobi? Serikali inayoijua simu wakati wa kutoza kodi na iijue pia wakati wa kuuliza: je, yafunguka?

Wahenga walituasa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Lakini utauzibaje ufa wa nyumba ambayo aliyekuuzia ameigomea mlango? Tuudai mlango kwanza.