Mambo ya Nyumbani: Namna ya Kuchagua Televisheni

Juma hili twataka kunena juu ya kitu ambacho jamaa nyingi hukiwekea akiba kwa miezi mingi, kisha hukinunua kwa nusu saa. Kitu hicho ni televisheni. Baba huingia dukani na fedha zake, mama akimfuata, na mtoto mkubwa akitangulia. Ukutani vimewashwa vioo kumi au ishirini pamoja. Macho yao hukamatwa mara na kile king'aacho kupita vyote. Wanakichagua hicho, wanalipa, wanakipakia katika teksi. Usiku ule ule jamaa nzima inaketi kutazama filamu, na watoto wanaanza kuuliza: Mbona watu hawa hawana macho? Mbona uso wa mzee yule ni kivuli kitupu?

Maulizo hayo ya watoto ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Kwani ubora wa picha haujulikani mahali pang'aapo. Hujulikana mahali penye giza: katika kivuli cha mti, katika koti jeusi la bwana arusi, katika uso wa mtu mweusi aketiye karibu na taa ndogo. Mwangaza mwingi hata kioo hafifu chaweza kuutoa. Giza zuri, lenye kuonyesha kila kunjo na kila mstari, si kila kioo kiliwezalo.

Hatuneni leo juu ya vioo vipana mno vya inchi 65 na zaidi, ambavyo bei yake yatosha kuezeka nyumba. Twanena juu ya vile vya kati, vya inchi 40 hadi 50 hivi. Kipimo hicho huchukuliwa mshazari, toka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na inchi moja ni sentimeta 2.54. Basi kioo cha inchi 43 kina upana wa sentimeta kama 95 na kimo cha kama 54. Kile cha inchi 50 kina upana wa kama 111 na kimo cha kama 62. Kabla ya kwenda dukani, chora kipimo hicho ukutani kwa chaki, kisha uketi mahali pako pa kila siku utazame. Katika vyumba vyetu vingi, ambamo viti huwa mbali na ukuta mita mbili au mbili na nusu, vipimo hivyo viwili vyafaa sana.

Muuzaji atakuambia kwanza habari ya 4K. Neno hilo lina maana ya kweli, hatulikatai. Picha yote imefanywa kwa vitone vidogo. Kioo kiitwacho Full HD kina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Kile cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni 8. Lakini ninyi wanafunzi mjuao hesabu, fanyeni hesabu hii. Kioo cha inchi 43 chenye Full HD kina vitone vya upana wa nusu milimeta hivi. Jicho zima la mwanadamu hutenga vitu viwili vikiachana kwa pembe ya sehemu ya 60 ya digrii moja, wala si chini ya hapo. Kwa nusu milimeta, pembe hiyo hupatikana kwa umbali wa mita moja na sentimeta 70. Mtu aliyeketi nyuma ya hapo hawezi tena kutenga kitone na kitone. Na mtu asiyeviona vitone milioni 2, atafaidi nini kwa kuwa navyo milioni 8? Siku hizi vioo vingi vya inchi 43 na 50 ni 4K bila kuuliza, nawe hutakuwa na shida ya kuipata. Ila usikubali kuongeza fedha kwa ajili ya neno hilo peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, yaani weusi wa picha.

Televisheni nyingi zinazouzwa leo kwa jina la LED zina taa nyuma ya kioo. Mbele ya taa hizo kuna tabaka jembamba la umajimaji wa namna ya pekee, ambao umeme huugeuza ufungue au ufunge njia ya mwanga, kama mabamba madogo ya dirisha. Taa za nyuma zawaka daima. Picha ikitaka weusi, vidirisha hufungwa. Lakini havifungiki kabisa, na mwanga kidogo hupenya. Ndiyo maana usiku, taa za nyumba zikizimwa, huona kwamba mbingu nyeusi ya filamu si nyeusi, bali ni ya kijivu kama moshi.

Kuna namna mbili kubwa za vioo hivyo. Namna ya kwanza huitwa VA: hufunga vizuri, na weupe wake hupita weusi wake kwa mwanga mara 3,000 au zaidi. Namna ya pili huitwa IPS: weupe hupita weusi mara 1,000 hivi tu. Je, VA ndiyo bora siku zote? La, hapo ndipo kila jamaa itazame nyumba yake. Kioo cha VA chataka watazamaji waketi mbele yake. Aketiye ubavuni huona rangi zimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mno. Kioo cha IPS humwonyesha hata aliye pembeni kabisa picha ya rangi zile zile. Nyumba ambayo jirani na watoto wa jirani hujaa siku ya mpira, wengine wakikaa hata mlangoni, yaweza kufaidiwa zaidi na IPS. Nyumba ya watu wanne watazamao jioni, taa ikiwa ndogo, ichukue VA. Sisi, kwa jamaa zilizo nyingi, tungechagua VA, kwani mpira ni wa siku moja au mbili kwa juma, na jioni ni za kila siku.

Majina hayo mara nyingi hayaandikwi juu ya sanduku. Haidhuru, macho yako yatakufunulia. Simama mbele ya kioo, kisha utembee polepole hadi ubavuni: nyuso zikififia upesi, ni VA. Zikidumu, basi omba picha nyeusi tupu. Weusi ukiwa wa kijivu au wa buluu, ni IPS.

Iko namna ya tatu, OLED, ambayo haina taa nyuma. Kila kitone hutoa mwanga wake chenyewe, na kikitakiwa kuwa cheusi huzimika kabisa. Kwa uzuri wa picha hakuna ya kati iipitayo. Katika vipimo vyetu hupatikana ya inchi 48, iliyotokea mwaka 2020, na ya inchi 42, iliyotokea mwaka 2022. Bei yake ni kubwa, nayo ina udhaifu: alama isiyohama, kama ile ya kituo cha televisheni pembeni mwa picha, ikikaa saa nyingi kila siku kwa miaka, yaweza kuacha kovu. Tena hujirekebisha yenyewe wakati imezimwa kwa rimoti lakini umeme ungali ukiifikia. Mahali ambapo umeme hukatika kila usiku, au ambapo watu huchomoa waya kila wakati wa kulala, kazi hiyo haitimizwi. Mwenye fedha na afikiri juu ya hilo.

Wala usidanganywe na herufi. QLED si OLED, ijapokuwa majina yafanana kama ndugu mapacha. QLED ni kioo kilekile chenye taa nyuma, kilichoongezwa chembe ndogo sana zinazosafisha rangi. Chembe hizo ni elimu ya kweli, hata wataalamu watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake mwaka 2023, na rangi zake ni nzuri. Lakini weusi hauongezeki kwa hizo. Vivyo hivyo herufi HDR. Filamu za HDR mara nyingi hutengenezwa kwa mwangaza wa kandela 1,000 au zaidi kwa mita mraba, na televisheni za bei ndogo hutoa 250 hadi 350 tu. Herufi zilizo juu ya sanduku maana yake ni kwamba yaweza kuipokea filamu, si kwamba yaweza kuionyesha kama ilivyokusudiwa.

Kwa nini twalitilia mkazo neno la weusi? Kwa sababu latuhusu sisi kuliko wengine. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipa nyumba za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, ili wapimie kwayo rangi ya ngozi. Na kwa miaka mingi picha za watu weusi zilitoka zimezama gizani. Vyombo vya leo vimeendelea sana, lakini dukani bado televisheni hutegwa kwa namna ileile ya kupendeza haraka: mwanga umepandishwa mno, kivuli kimekandamizwa kiwe cheusi tii, rangi zimetiwa chumvi. Majani na maua hupendeza sana kwa namna hiyo. Uso wa bibi yako hupotea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee; na zile picha za kasuku na matunda zizungukazo dukani kutwa nzima zafanya kazi ya kutembeza.

Basi usitazame kasuku. Chukua flashi, utie humo filamu ya arusi ya jamaa yako, hasa sehemu iliyopigwa jioni, au filamu yoyote yenye watu wetu ndani ya nyumba. Mwombe muuzaji kwa adabu aiweke, tena abadilishe namna ya picha toka ile iitwayo «Dynamique» hadi ile iitwayo «Cinéma» au «Film». Kisha tazama nyuso. Je, waona mboni za macho, mistari ya paji la uso, tofauti ya shavu lililo kwenye mwanga na lile lililo kivulini? Je, waona makunjo ya koti jeusi? Muuzaji akikataa kabisa kuiweka flashi yako, nenda duka la pili. Fedha ni zako, naye anajua kwamba duka la pili lipo.

Geuza pia kioo utazame kibandiko cha nyuma. Televisheni iliyoletwa na ndugu toka Marekani yaweza kuwa imeandikwa volti 110-120 tu, nayo ikichomekwa katika volti 220 za kwetu itaungua; ikiandikwa 100-240, haina neno. Hata hivyo mtambo wake wa kupokea haujui matangazo ya antena ya huku, nayo itahitaji dekoda.

Na dekoda yenyewe? Hapa fedha nyingi hupotea bure. Watu hununua kioo cha 4K, kisha hukiunganisha kwa ule waya wa vichwa vitatu, cha manjano, chekundu na cheupe. Waya huo hupitisha mistari 576 tu ya picha, na kioo chenye mistari 2,160 hulazimika kubuni iliyobaki. Uso huwa kama umepakwa mafuta. Tumia waya wa HDMI, hata ule wa bei ndogo, kisha ufungue maongozi ya dekoda na kuchagua 1080. Kwa filamu za intaneti, Full HD hutaka kama megabiti 5 kila sekunde, na 4K kama 15. Asiye na 15 asijisumbue.

Televisheni ikiisha kufika nyumbani, usiiweke ikitazamana na dirisha, wala usiitundike juu karibu na dari kama ilivyo katika mikahawa. Katikati ya kioo pawe karibu na kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Ikikuuliza mara ya kwanza kama iko nyumbani au dukani, jibu nyumbani. Chagua «Cinéma». Siku ya kwanza jamaa watalalamika kwamba picha imekuwa ya manjano na haing'ai. Waombe wavumilie siku tatu, macho yatazoea, nao hawatataka kurudi. Punguza «Netteté» karibu na sifuri, kwa kuwa haiongezi usafi wowote, huchora tu uzi mweupe kando ya kila kitu. Zima pia ule ufundi wa kulainisha mwendo unaofanya filamu ionekane kama habari za jioni. Kwa mpira waweza kuuacha kidogo.

Mwisho, usiku, zima taa za nyumba na uweke ile filamu ya arusi. Tafuta mahali ambapo bwana arusi amesimama na koti lake jeusi, na juu na chini ya picha kuna mikanda mieusi. Shika rimoti, pandisha «Luminosité» hatua moja moja mpaka makunjo ya koti yaanze kuonekana. Ile mikanda ikianza kuwa ya kijivu, umepita. Rudi hatua moja, uache hapo.