Kuzungumza na Waislamu si Kumkana Kristu

Wako Wakristu wenzetu wanaonung'unika. Wanasema: Tangu Eklezia ilipoanza kuzungumza na Waislamu, imani yetu imetiwa maji. Wanasema tena: Wazee wetu hawakufanya hivyo, sisi twashika imani ya zamani. Maneno hayo yameenea, nasi hatuwezi kunyamaza.

Tuanze na hiyo zamani wanayoitaja. Mwaka 1076 Papa Gregori VII alimwandikia barua Nasir, mtawala Mwislamu wa Afrika ya Kaskazini, aliyemwomba Wakristu wa nchi yake wawekewe askofu. Papa alimkumbusha kwamba wote wawili wanamsadiki Mungu mmoja, ingawa kwa namna mbalimbali. Mwaka 1219, wakati wa vita, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alifika Misri, akaenda mpaka kambi ya sultani al-Kamil kumhubiria Kristu, bila upanga. Je, hao nao ni watu wa mambo mapya?

Basi, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipokubali tangazo Nostra Aetate kwa kura 2.221, na 88 tu za kukataa, haukuzua neno geni. Wanung'unikaji na wasome tangazo lenyewe, wasisikilize porojo. Humo Eklezia inakiri wazi kwamba haiwezi kuacha kumtangaza Kristu. Nani basi amesema dini zote ni sawa? Sisi hatusemi hivyo, wala Mtaguso haukusema.

Tutazame karibu na kwetu. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alifika Uganda kuwaheshimu mashahidi. Aliposema na Waislamu wa huko, aliwataja mashahidi Wakatoliki na Waanglikana, akawakumbuka pia Waislamu waliouawa kwa sababu walikataa kuvunja amri za dini yao. Je, siku ile Karoli Lwanga alipunguziwa utukufu? Hata kidogo!

Watatujibu: Lakini Mkristu mdogo atapotea. Ndiyo, atapotea asiyefundishwa. Asiyejua katekisimo yake hupotea hata akikaa na Wakatoliki watupu. Petro Mtume alituagiza tuwe tayari kueleza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Atamweleza nani yule asiyekubali kusemezana na jirani yake? Kule Kasongo na Maniema, Wakristu na Waislamu huchota maji kisima kimoja na kuzika wafu wao pamoja. Tuwaambie wageuziane migongo?

Ninyi mnaoona uchungu kwa ajili ya imani, uchungu huo ni mwema. Lakini uanze nyumbani. Wafundisheni watoto sala. Msikose Misa ya Dominika. Jirani Mwislamu akiugua, nendeni kumwangalia, na akiwauliza habari za Yezu, mjibuni bila haya. Ukali wa ulimi si uthabiti wa imani.