Damu ya Boma Letu

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaongojea abiria pale stejini Oyugis,

Nawaandikia kutoka Minnesota, ambako theluji imefika magotini, nami nimetoka sasa hivi zamu ya usiku ya kutunza wazee wa watu. Najua mambo ya boma husemwa bomani. Hili nalisema stejini kwa sababu boma letu haliko peke yake.

Chuo ninachosoma kinamlazimu kila mwanafunzi, hata sisi wa biashara, achukue somo moja la sayansi. Nilichagua jenetiki kwa kuwa lilikuwa asubuhi, saa ambayo nimetoka kazini na bado sijashikwa na usingizi. Jenetiki tulikutana nayo Kidato cha Nne. Tuliikariri kama katekisimu, tatu kwa moja, tukaitapika kwenye mtihani na kuiacha hukohuko.

Mwalimu alianza na Mendel, yule mtawa wa Brno aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri na kusoma matokeo yake mbele ya watu mwaka 1865, wasimwelewe. Wenzangu darasani, watoto wa miaka 19, walihangaika na miraba ya urithi. Mimi nilimwona mama. Mnakumbuka alivyokuwa akimfokea baba kila alipotaka kupanda tena mahindi yaliyotokana na mbegu ya pakiti? Nyamula, mbegu yetu ya manjano, aliining'iniza juu ya moshi jikoni, akaipanda mwaka nenda mwaka rudi. Ile ya dukani aliinunua upya kila msimu, hata kama ni kwa deni. Mahindi chotara ni mtoto wa koo mbili, na ukipanda punje zake, tabia za mababu hutawanyika: shina hili refu, lile fupi, lile halina kitu. Mama aliishia darasa la nne. Nilipomweleza mwalimu, aliniomba nirudie polepole ili aandike.

Kisha tukafika kwenye ugonjwa wa seli mundu, ule mnaouita sikoseli. Herufi moja tu imekosewa kati ya bilioni tatu za vinasaba vya binadamu. Basi chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu wa kukatia nyasi na kuziba vijishipa. Mwalimu akamtaja Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Oxford wa Mlima Kenya, akawa anapima damu za watu huku na huku nchini. Huko milimani hakuiona sana jeni ya seli mundu. Pwani na kando ya ziwa letu, aliikuta kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano katika baadhi ya sehemu. Akajiuliza kwa nini kitu kinachoua watoto kimekaa kwetu hivyo. Jibu lilikuwa mbu: mtu mwenye jeni moja tu ya seli mundu haugui ugonjwa huo, na malaria inamshinda kwa shida. Sisi wa Oyugis tunajua kwa miguu yetu. Ukipanda barabara unafika Kisii kwenye baridi, ukiteremka unafika Kendu Bay kwenye mbu.

Kuthibitisha, Allison aliwachukua wanaume 30 waliojitolea, waliokuwa mbali na malaria kwa miezi 18 au zaidi. 15 walikuwa na jeni hiyo, 15 hawakuwa nayo. Wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wasio na jeni, vimelea vilishika kwa 14. Kwa walio nayo, wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Wanaume hao, mwalimu akasema akipita haraka kwenda ukurasa mwingine, walikuwa Wajaluo.

Sikuandika tena siku ile. Nilitaka kujua ni wana wa nani.

Sasa nije bomani. Kitinda mimba wangu alipozaliwa hapa, walimdunga kisigino wakachukua matone ya damu. Ndivyo wanavyofanya kwa kila mtoto mchanga. Tangu 2006 majimbo yote 50 hupima seli mundu. Barua ikaja: ana jeni moja, si mgonjwa. Tukapimwa wazazi. Mama yake hana. Mimi ninayo.

Nikamkumbuka mama mdogo, mke wa kwanza wa baba mdogo. Mnakumbuka wale watoto wake wawili, vidole vimevimba, macho ya manjano, vilio vya usiku wa mvua. Mlisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Walipokufa wote wawili, mkasema damu mbaya imetoka ukoo wa mama yao. Aliondoka na sanduku la bati, na mimi, kijana wa miaka 11, ndiye niliyelibeba hadi stejini. Baba mdogo akaoa tena, akapata watoto watano wazima, mkasema: mmeona?

Tuliona vibaya. Mtoto haugui mpaka apokee jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Baba mdogo, niwie radhi kukusema mbele za watu, nawe unayo. Mke wako wa pili huenda hana, ndiyo maana nyumba imetulia. Lakini kila mmoja wa wale watano alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba kimyakimya, na mkubwa wao mnamtolea ng'ombe wa mahari Disemba.

Sizuii harusi. Naomba yeye na msichana wakapime aina ya hemoglobini kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Wakiwa nayo wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba. Watatu wakizaliwa salama, wa nne hajalipiwa deni. Na mtoto akijulikana mapema, kuna penisilini, kuna chanjo, kuna haidroksiurea. Wale wawili hawakupata hata kimoja. Nauli na gharama ya kipimo nimeshatuma kwa M-Pesa, msiifanye ya sukari.

Jumapili nilimpigia mama mdogo. Anauza viazi vitamu hapohapo sokoni, mnapita mbele yake. Nilimweleza yote, njegere, mbu, wale wanaume 30, damu yangu. Alinyamaza hadi nikadhani salio limeisha. Kisha akaniuliza kama huku kwetu kumekucha, na kama nimekula.

Mwana wenu,
Minnesota